Malalamiko Dhidi ya Waridi Lisilokubali Rangi

Duka la Maua la Rangraz,
Nyuma ya Soko la Shaba,
Kashan.

Kwa Mheshimiwa Haji Yadollah Parvaresh,
Mwenyekiti, Chama cha Wauza Maua na Wapambaji wa Sherehe,
Kashan.

YAH: UKAIDI WA MAUA YA ASILI, NA HASARA ILIYONIPATA KWA KUUTII WARAKA WAKO

Mheshimiwa Haji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mama watoto naye mzima, na lile goti lako la kushoto limekubali kukunjika. Kama bado, niwie radhi, maana barua ni ndefu na ningependa uisome ukiwa umeketi vizuri.

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, ila mimi nahusika zaidi. Unanifahamu. Mimi ni Esfandiar, mtia rangi maua. Babu yangu alitia rangi sufu za mazulia, baba yangu vilevile, na mazulia yalipoanza kutoka viwandani mimi nikahamia kwenye maua, kwa sababu ua ni kiumbe kisicho na ubishi. Unalikata mkia kwa mshazari, unalinyima maji mpaka lione kiu, kisha unalisimamisha kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye rangi. Linakunywa lenyewe. Jioni umeliacha jeupe, asubuhi unalikuta la samawati, na hakuna aliyepandishiana sauti na mwenzake.

Muda mfupi baada ya Nowruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ulitutumia waraka wa Kuinua Viwango vya Upambaji. Ulisema enzi ya kufunga maua kwa uzi na kumkabidhi mteja imepita. Ulisema ua bora ni lile linalooana na samani za nyumba linakokwenda. Ulisema, na maneno haya nimeyabandika juu ya sinki, kwamba mpambaji asiridhike na ua kama alivyolipokea. Haji, wenzangu waliusoma waraka huo kisha wakafungia vitunguu. Mimi niliutii. Na kwa kuutii nimemkosa mwanamke.

Naomba nieleze kwa namba, kama chama kinavyopenda.

1. Lalamiko la kwanza ni dhidi ya jagi.

Huko Ghamsar, mji jirani wa mawaridi, yuko mwanamke anaitwa Bi Mahlagha, mjane, mwenye nyumba ya kupikia marashi ya waridi aliyoachiwa na wazazi wake. Mimi ni mgane. Tulikutana kwenye msiba wa jirani yake, nilipopeleka shada la maua niliyoyatia rangi nyeusi. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuona kitu kama kile. Nilidhani ananisifu.

Sitaki kuzunguka mbuyu, Haji: nampenda. Nyumba yangu ina kila rangi inayojulikana Kashan na hamna mtu wa kuniambia ipi imezidi. Nikaamua kupeleka posa, na nikaamua kuipeleka kwa viwango. Kwanza nilimtuma dada yangu Badri aende akajifanye mnunuzi wa marashi ili akague samani. Alirudi na habari kwamba zulia la sebuleni ni jekundu, kwamba mito ni ya rangi ya feruzi, na kwamba mimi ni mwendawazimu. Zile mbili za mwanzo nilizifanyia kazi.

Nilichukua maua ya Mariamu, yale marefu meupe yenye harufu ya kukaa nyumbani siku nzima, nikayatia feruzi. Nilibadilisha ndoo mara kadhaa mpaka yakalingana na uzi ambao Badri aliuchomoa kwenye mto mmoja bila ruhusa. Manjano sikuthubutu hata kuyakaribia, maana hapa kwetu kumpelekea mwanamke ua la manjano ni kumwambia kwamba unamchukia. Waraka wako uko kimya kuhusu hilo, jambo ambalo nalo ni upungufu.

Siku ya posa tukapokelewa vizuri. Walikuwepo Bi Mahlagha, kaka yake Nosratollah, na mama yao mdogo Bi Tuba. Huyu Bi Tuba ni mzee, macho yake hayaoni mbali wala karibu, lakini pua yake ndiyo inayopima marashi ya nyumba nzima. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuchuma mawaridi, na kila chombo chenye shingo kilikuwa kimejaa marashi, maua yangu yakatumbukizwa kwenye jagi la kioo na jagi likawekwa mezani karibu na chai. Nakuomba uzingatie: jagi, si chombo cha maua. Hilo ndilo kosa la kiwango, na halikuwa langu.

Ni kweli sikuyasuuza mashina. Nilikuwa na shughuli nyingine mbele ya kioo.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Tuliweka vipande vya sukari kwenye meno, tukanywa chai, Badri akanisifu kwa tabia ambazo mimi mwenyewe nilizisikia siku hiyo. Huku nyuma maji ya jagi yakawa yanabadilika kidogo kidogo. Bi Tuba akakumbuka kidonge chake cha presha. Akanyoosha mkono, akapapasa, akamimina maji ya jagi kwenye bilauri, akanywa yote, akatamka kwamba marashi ya mwaka huu ni mepesi. Kisha mimi nikatoa mzaha mmoja kuhusu mkwe na punda wake. Bi Tuba akacheka mdomo wazi, na sebule nzima ikaona. Midomo, ulimi, meno ya bandia, vyote feruzi. Na Haji, nasema bila kujisifu, vilioana na mito.

Nosratollah alipiga kelele kwamba mama mdogo amekosa hewa na moyo umesimama. Bi Tuba alisema moyo wake haujasimama, lakini hakuna aliyemsikiliza. Gari la wagonjwa likaja. Hospitali, daktari kijana akamwekea mirija ya hewa puani, akasoma mashine, na mashine ikasema bibi ana hewa ya kutosha na ya kuwagawia majirani. Daktari akamtazama bibi, akaitazama mashine, akaipiga kofi. Mwisho muuguzi akachukua pamba, akamfuta mdomo, na pamba ikawa ya feruzi. Hapo chumba kizima kikageuka kuitazama mikono yangu.

"Nimezeeka nikingoja mwanamume wa kunipaka rangi ya mdomo," alisema Bi Tuba kutoka kitandani, "na alipofika, kumbe amekuja kumposa mwenzangu."

2. Lalamiko la pili ni dhidi ya jibu nililopewa.

Bi Mahlagha alinifuata ukumbini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia, "Bwana Esfandiar, kila unachokishika kinabadilika rangi. Mimi yangu nimeizoea." Kisha akaongeza kwamba siku nitakayoweza kuleta ua moja lililofika mlangoni kwake kama lilivyotoka kwenye shina lake, nibishe hodi, chai haitakosekana.

Hebu lipime sharti hilo, Haji. Mimi ni mwanachama niliyelipia ada, nimehudhuria semina, nina cheti. Ananitaka nishushe kiwango ili nipandishwe daraja. Ningekuwa fundi cherehani, angeniambia nije na kitambaa ambacho hakijashonwa? Ningekuwa mwoka mikate, angeomba ngano? Nilimweleza Badri hoja hii tukiwa njiani kurudi nyumbani, na jibu lake lilikuwa kwamba wenzangu hupeleka maua, mimi nimepeleka ndoo.

3. Lalamiko la tatu ni dhidi ya Waridi la Muhammadi, ua ambalo si mwanachama na halijawahi kuwa.

Nilifikiri nitaimaliza kesi hii kwa hekima. Kwamba nilichukue waridi la kwao wenyewe, lile dogo la Ghamsar wanalolipikia marashi, nilitie feruzi ya kupendeza, nimpelekee. Pande zote mbili zingeridhika. Nilinunua mzigo mzima alfajiri, nikalikata kwa mshazari, nikalinyima maji, nikalisimamisha kwenye ndoo. Lilikataa. Adhuhuri ilipofika petali zote zilikuwa zimedondoka kwenye rangi, duka lote linanukia, na hakuna hata petali moja iliyobadilika. Nikajaribu kulipulizia kwa bomba, likadondoka kabla sijalibonyeza.

Nasema kwa masikitiko kwamba hilo ni ua lisilo na nidhamu. Halikai kwenye shada. Linachanua kabla watu hawajaamka na mchana limekwisha. Rangi yake ni ileile waliyoijua babu zetu, hakuna juhudi yoyote ya kujiendeleza. Na bado watu wanapanda mabasi kutoka Tehran kuja kulinusa. Mimi ninayo maua meusi, ninayo yenye mistari, ninayo kaneshoni nusu nyekundu nusu samawati kwa kupasua shina na kulinywesha ndoo mbili kwa mpigo, na hakuna basi hata moja lililowahi kusimama nyuma ya Soko la Shaba.

4. Lalamiko la nne ni dhidi ya nyuki.

Tangu siku ile ninaacha mlango wa duka wazi makusudi, nipate kufanya utafiti. Nyuki wa huku hushuka mpaka sokoni. Hulizunguka pipa la muuza tende. Huingia kwa muuza vitambaa wakakagua maua yaliyochapwa kwenye mapazia. Kwangu hufika kizingitini, husita, hugeuka. Na wateja wanaona. Jana mama mmoja aliyekuja kuagiza mapambo ya gari la harusi alimwona nyuki akigeuka, naye akageuka.

Nauliza kwa heshima: nyuki hawa wamesomea wapi? Nani amewapa madaraka ya ukaguzi? Semina ya viwango tulihudhuria sote, tukala wali na kuku, na mimi sikumwona nyuki hata mmoja akiandika chochote.

5. Lalamiko la tano ni dhidi ya unafiki, na hapa naomba uvute kiti.

Kwa nini ua peke yake ndilo linalotakiwa kusema kweli? Bi Tuba nywele zake ni za hina, nyekundu kuliko karoti. Nosratollah, aliyeniita tapeli mbele ya wauguzi, ndevu zake zimekuwa nyeusi tii tangu mimi nipo shule, naye amenizidi umri. Nowruz tunapaka mayai rangi na hakuna kuku aliyekwenda kushtaki. Lile zulia jekundu la sebuleni, ambalo Bi Tuba alilikalia akinywa jagi langu, nimeitambua sufu yake, ilitoka kwenye pipa la babu yangu. Kondoo wa Kashan hazaliwi mwekundu. Lakini zulia wanalikanyaga kwa fahari, na mjukuu wa mtia rangi wanamfukuza.

Mimi mwenyewe masharubu yangu ni meusi, na sioni kwa nini jambo hilo lijadiliwe.

Ninachokuonya ni hiki. Ua likikatazwa kutiwa rangi leo, kesho itakuwa mayai, keshokutwa mazulia, na mwisho watu wazima wenye heshima zao wataamriwa kutembea barabarani na vichwa vyao kama vilivyo. Mji utazeeka kwa siku moja. Na nani atakuja kupamba harusi kwenye mji wa wazee watupu? Wateja wako, Haji, si wangu peke yangu.

6. Lalamiko la sita, la mwisho kwa leo, ni dhidi ya majira ya machipuko.

Sina ugomvi na Muumba, na barua hii isisomwe hivyo. Ugomvi wangu ni na hao wanaoipokea kazi Yake hapa wilayani bila kuikagua. Kila mwaka majira haya huja yakamwaga rangi milimani pasipo kibali wala kuuliza samani za mtu. Mwaka huu yameweka maua ya zambarau juu ya udongo mwekundu, na pembeni kijani cha kuumiza macho. Mpambaji mwenye cheti angefanya hivyo? Angefukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Napendekeza kuanzia mwakani majira ya machipuko yalete sampuli ofisini kwako mapema, wakati wa baridi, zijadiliwe na kamati. Mimi nipo tayari kukaa kwenye kamati hiyo. Nafasi ninayo, hasa jioni.

Kwa hayo yote naomba chama kiamue kama ifuatavyo. Ua lolote lisilotiwa rangi liuzwe likiwa na kibandiko cha tahadhari, ili mteja asije akadhani ndivyo maua yanavyopaswa kuwa. Nyuki wapewe kozi au wazuiliwe. Waridi la Muhammadi lipewe muda wa kujirekebisha, na likishindwa lichemshwe kwenye sufuria ya shaba mpaka liwe marashi, adhabu ambayo naona tayari linaitumikia bila kujutia lolote.

Na Bi Mahlagha aandikiwe barua yenye mhuri wa chama, kumweleza kwamba kumkataa mwanachama aliyetimiza viwango ni kuvikataa viwango vyenyewe, na kwa hiyo anatakiwa kunikubali ndani ya muda utakaopangwa na ofisi. Barua hiyo iwe ya heshima. Asitishwe. Imweleze kwamba mikono yangu ikisuguliwa na limau inatakata, si kwa kiasi kikubwa, lakini inatakata. Iandikwe kwenye karatasi nzuri, nyeupe kama hapana budi, maana yeye anapenda hivyo.

Mambo yangu nimeyaleta, sasa yako mikononi mwako, ambayo najua ni safi. Nisalimie mkeo, binti zako, mlinzi wa lango la ofisi, na yule mhasibu ambaye bado hajanirudishia mkasi. Badri anakusalimu na anasema usinijibu.

Mimi niliyetii waraka kuliko wote,

Esfandiar Rangraz
Mtia rangi maua

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaitia gundi, nikaifungua tena kwa mvuke wa birika. Bi Tuba amepiga simu.

Alisema mdomo wake umerudi. Alisema wanawake wa mtaa mzima walikuja kuutazama, na kwamba tangu mumewe afariki hajawahi kupata wageni wengi namna ile, kwa hiyo hana kinyongo. Kisha akashusha sauti. "Mahlagha haulizi habari zako," akaniambia, "ila leo ameniuliza mara mbili kama mimi nimeziuliza. Alhamisi tupo. Njoo na hilo ua moja. Na hayo masharubu, mwanangu, nayo yaje kama yalivyo. Macho sina, lakini pua yangu ilinusa ile dawa tangu ulipofungua mlango."

Nimeyaosha. Maji yalitoka meusi, yakatoka kahawia, mwishowe yakatoka safi. Yaliyobaki ni meupe kabisa, Haji. Nilipojiona kwenye kioo nilidhani ni marehemu baba amekuja kudai funguo za duka. Badri alikuwa na mengi ya kusema, niliona yamemjaa mdomoni, lakini alisema tu, "Karibu nyumbani, kaka."

Shida sasa ni ua. Dukani kwangu halipo hata moja ambalo halijanywa ndoo. Nimezunguka maduka yote ya Kashan. Nilikosea niliposema wenzangu walifungia vitunguu. Waraka wako umefuatwa mpaka kwenye vibanda vya pembezoni, na mzigo wote, kumbe, ulitoka kwenye ndoo zangu. Kuchuma Ghamsar siwezi, yale ni yake, nitakuwa nampelekea mtu mali yake. Lakini Badri anasema mkeo amepanda maua nyuma ya jiko, na kwamba wewe mwenyewe huyamwagilia, ukitazama kwanza kama kuna mtu.

Nakuomba ua moja la hapo. Usilisuuze, usilifunge utepe, usilioanishe na chochote. Malalamiko yote hapo juu yachome, hata lile la jagi, na nyuki waache waendelee na kazi yao. Kama hakuna zuri, nitachukua lililopo. Hata likiwa la manjano, Haji, mradi rangi iwe yake.